Labo inapima kwenye bomba, mukuba unajengeka kwenye bamba

Katika majumba ya elektrolizi ya kwetu, toka Kolwezi mpaka Likasi, kila asubuhi kuko karatasi ya labo inayobandikwa ukutani. Imeandikwa: mukuba gramu 40 kwa lita, asidi gramu 180 kwa lita, joto digrii 45. Shefu wa ekipe anasoma, anaweka sahihi, kazi inaanza. Siku mabamba yanapotoka na vinundu, ao na unga mweusi kwenye pembe, ile karatasi njo inakuwa shahidi wa kwanza. Maji yalikuwa mazuri, basi kosa ni la watu wa zamu. Kiisha inafuata karatasi ingine, ile ya kuomba maelezo, na mwisho wa mwezi primu inakatwa.

Miaka mingi sisi wa sendika tumejibu na makelele. Leo nataka tujibu na elimu, juu elimu iko na jibu, na jibu lenyewe halikufichwa na mutu.

Ile karatasi haisemi uongo. Maji yalichotwa kwenye bomba linaloingiza elektroliti katika tangi, ao kwenye njia ya kutokea, na pale kweli kulikuwa gramu 40. Lakini mukuba haujengeki kwenye bomba. Unajengeka juu ya bamba la chuma, ndani ya maji membamba yanayogusa lile bamba, na yale maji hayafanani na ya kwenye bomba. Tofauti inaweza kuwa kubwa sana. Kuipima ni kazi ambayo wataalamu wa elektrodi wamejisumbua nayo kwa zaidi ya miaka mia moja. Tuifuate polepole, bandugu, juu inagusa primu, na mbele kidogo tutaona inagusa mapafu na meno.

Bukari inaungua chini

Mama anayesonga bukari anaelewa jambo hili mbele ya injinieri. Juu ya sufuria bukari ni laini, mvuke wake ni muzuri, kumbe chini, fasi inapogusa chuma chenye moto wa mbabula, imekwisha kuungua. Anayetaka habari za chini hawezi kuonja juu.

Ndani ya tangi ni vile vile. Mukuba uko ndani ya maji kama chembe ndogo zenye umeme, zinazoitwa ioni. Umeme unapopita, katodi, ni kusema lile bamba la chuma kisichoshika kutu, inakamata ioni zinazoigusa na kuzigeuza metali. Papo hapo maji ya pale yanapungukiwa. Ioni zingine lazima zitoke mbali kuja kujaza nafasi. Lakini karibu kabisa na bamba maji hayatembei, yamenata kwenye chuma, na ioni zinapenya taratibu sawa mutu anayebeba gunia katikati ya soko ya Kenya, pale Lubumbashi, siku ya posho. Mjerumani Walther Nernst, aliyepewa tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920, alieleza ile tabaka nyembamba katika mwaka 1904. Katika tangi ambalo maji yanazunguka polepole, unene wake ni kama sehemu mbili za kumi za milimita moja. Chukua nywele mbili ao tatu, uzilaze moja juu ya ingine: hapo njo mwisho wake.

Sasa tufanye hesabu, na kila mutoto wa kambi aliyesoma mpaka humanités anaweza kuirudia. Ampea moja ikipita kwa saa moja inajenga mukuba gramu 1.19 hivi. Siku hizi mauzine mengi yanapeleka ampea 300 kwa kila mita ya mraba ya bamba. Kwa hiyo kila saa mita moja ya mraba inakula gramu 355 za mukuba, na zote lazima zipite katika ule unene wa nywele.

Tunajua kutoka malabo mwendo wa ioni za mukuba katika maji ya asidi yenye joto. Ukiweka ule mwendo, gramu 40 kwa lita na tabaka la milimita 0.2 katika hesabu, unakuta bamba haliwezi kupokea zaidi ya ampea 425 hivi kwa mita ya mraba. Hiyo njo mwisho wa barabara. Ukiipa ampea 300, mukuba unaobaki kwenye uso wa bamba unakuwa kama gramu 12 kwa lita. Karatasi ya ukutani inasema 40, bamba linaona 12.

Haya tuendelee. Tabaka likiwa jembamba zaidi, milimita 0.1, bamba linaona gramu 26, na mukuba unalala laini. Likinenepa mpaka milimita 0.28, bamba linaona karibu zero. Hapo mukuba unakuwa unga, vinundu vinaota, vingine vinanyoosha mkono mpaka kugusa anodi ya upande wa pili, na umeme unapita bila kujenga kitu. Chuma cha kuninginiza bamba kinashika moto, na mutu wa zamu anaitwa kwenda kupiga vinundu na fimbo ya chuma, amesimama juu ya asidi. Kati ya katodi muzuri na katodi ya kutupwa kuko tofauti ya unene wa nywele mbili hivi, na karatasi ya labo siku zote mbili imeandikwa gramu 40.

Ni nini inanenepesha ile tabaka? Pompi inayochoka. Matundu ya bomba la chini ya tangi yaliyoziba na matope ya risasi. Maji kupoa, hasa usiku wa mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kwetu munaijua. Hakuna hata moja kati ya hayo inayoonekana katika gramu 40.

Kuko jambo lingine. Zile ampea 300 ni hesabu ya wastani, sawa kusema watu kumi wamekula mikate kumi. Ndani ya tangi moja, bamba lenye kishikio safi linavuta umeme mwingi, na jirani yake mwenye kishikio kichafu anapata kidogo. Moja linaweza kuwa kwenye 220 na lingine kwenye 380, na wastani unabaki 300, na kila mutu ofisini anafurahi. Lile la 380 liko karibu na mwisho wa barabara, njo litatoa vinundu.

Nisifiche upande wetu. Kishikio kichafu wakati mwingine ni sisi hatukukiosha. Bamba lililowekwa kombo wakati mwingine ni sisi tuliliweka kombo, juu ya haraka ao uchovu wa saa ya kumi na moja ya zamu. Mimi sisemi mfanyakazi hana kosa hata siku moja. Ninachosema ni kwamba gramu 40 za kwenye bomba haziwezi kutoa hukumu kati ya pompi na mutu.

Namna wataalamu wanavyosogea karibu

Kusogea karibu na elektrodi inayotumika si kazi rahisi. Uso wake uko na umeme, asidi, joto na mapovu, na chombo unachoingiza kinaweza kuharibu kile ulichokuja kupima.

Chombo cha kwanza ni mrija mwembamba wa kioo. Kinaitwa kwa majina ya Luggin na Haber, watu wa karibu na mwaka 1900. Huyo Haber ni yule yule wa amonia. Ncha ya mrija inasogezwa karibu na uso wa bamba, na upande wa nyuma kuko elektrodi ingine isiyobadilika, ya kulinganisha. Faida yake ni hii: tangi letu linakula voliti 2 hivi, na voltimita ya ukutani inapima vyote kwa jumla, katodi, anodi, maji na vishikio. Kemia yenyewe inadai chini kidogo ya voliti 0.9 tu. Zingine zinapotelea wapi? Ule mrija unaweza kusema: bamba hili limekula ngapi, anodi ile imekula ngapi. Lakini uko na sharti. Ukiusogeza karibu mno, unafunika bamba sawa mutu anayesimama mbele ya jua, na umeme wa pale unapungua juu yako. Wenye kazi wanashauri kuacha nafasi kama unene wa mrija mara mbili. Mpimaji akiwa mkubwa mno, anapima kivuli chake mwenyewe. Lishikeni hilo, tutalirudia tukifika kwenye hewa.

Kipimo cha asidi, kile cha pH, kilizaliwa kwa watu wa pombe. Sørensen alikitoa mwaka 1909 katika labo ya bia ya Carlsberg, Copenhagen. Watu wa Simba wasijivune sana, lakini ni hivyo. Kwa mukuba, pH ya karibu na katodi haisumbui, juu asidi ni nyingi mno. Kwa kobalti na nikeli ni shida kubwa. Kule maji hayana asidi nyingi, na sehemu ndogo ya umeme, pahali pa kujenga metali, inatengeneza haidrojeni. Kazi hiyo inakula asidi iliyo pale pale kwenye uso wa bamba. Kwenye tangi pH inaonekana salama, kumbe kwenye bamba imepanda, na kobalti inageuka kama matope badala ya metali, na bamba linapasuka na kubambuka. Wazee waliotumika kobalti pale Luilu, uzine iliyoanza mwaka 1960, wanaweza kukueleza vile mabamba yalivyokuwa yakibambuka.

Kwa kuipima, watu wa chuo kikuu cha British Columbia, Kanada, walitoa katika mwaka 1995 kazi juu ya nikeli yenye akili nzuri sana. Walichukua wavu mwembamba wa dhahabu uwe katodi, nyuma yake wakabana elektrodi ya kioo yenye uso bapa inayopima pH. Nikeli inajengeka upande wa mbele, na kioo kinaonja yale maji ya kwenye uso kupitia matundu ya wavu. Hawakuingiza kitu mbele ya bamba, kwa hiyo hakuna kivuli.

Wengine wanatumia mwanga. Wanapitisha leza ndani ya tangi dogo la kioo, na juu maji yenye mukuba kidogo yanapinda mwanga tofauti na yenye mukuba mwingi, mistari inajikunja karibu na bamba, na unaona ile tabaka kwa macho yako. Njo pale watu waliona vizuri kwamba maji yaliyopungukiwa mukuba ni mepesi, yanapanda kando ya katodi kama moshi kwenye ukuta. Na toka 1989 kuko chombo cha Allen Bard na wenzake, kule Texas, kinachotembeza ncha nyembamba kuliko unywele juu ya uso, kikisoma kemia yake fasi kwa fasi.

Hatuombi mashini ya Texas katika jumba la elektrolizi. Vumbi na asidi yetu vingeimaliza katika wiki moja. Lakini kuko vitu vitatu vya bei ndogo. Kwanza, kuchota maji na sindano yenye mrija mrefu katikati ya mabamba, juu, katikati na chini, pahali pa kuchota paka kwenye bomba. Haitafika ndani ya unene wa nywele, lakini itaonyesha tangi ambalo maji yake hayatembei. Pili, kuko mashini ya kushika mkononi inayopima ampea za kila bamba bila kukata waya. Tembea nayo safu nzima, andika, na ile 380 itajionyesha yenyewe mbele ya kutoa vinundu. Tatu, kupima mwendo wa maji kwenye kila tangi, na kuandika tarehe matundu yalioshwa. Delege akiwa na vile vikaratasi vitatu mkononi, ile barua ya kuomba maelezo inajibiwa kwa hesabu.

Upande wa anodi, na upande wa pua

Mpaka hapa tumesimama kwenye katodi. Geuka sasa, utazame anodi ya risasi. Pale maji yanapasuliwa: oksijeni inatoka kama mapovu, na asidi inabaki. Kwa kila kilo moja ya mukuba inayojengeka, anodi inatengeneza asidi kama kilo moja na nusu na oksijeni kama lita 190. Katodi moja ya mita ya mraba kila upande, kwa ampea 300, inajenga karibu kilo 17 kwa siku. Weka katodi 60 katika tangi moja: zaidi ya lita 190,000 za oksijeni zinatoka kila siku, kutoka tangi moja paka.

Oksijeni yenyewe si sumu. Ubaya ni povu linapopasuka juu ya maji, linarusha matone madogo sana yenye asidi ile ile ya gramu 180. Hayo njo ukungu tunaopumua, ule unaokata koo na kutoboa nguo za kazi.

Sikieni udogo wake. Tone moja la elektroliti, lile la kutoka kwenye ncha ya sindano, liko na asidi miligramu 9 hivi. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani, wale wa ACGIH, wanashauri hewa isipite miligramu 0.2 za asidi ya salfa kwa mita ya ujazo. Tone moja, likitawanywa lote, linatosha kufikisha kile kipimo katika chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 2.8. Chumba kizima, kwa tone moja! Jumuiya ya Ulaya mwaka 2009 iliweka kipimo chini zaidi, miligramu 0.05. Sheria ya serikali ya Marekani imebaki kwenye miligramu 1, na ni kipimo cha zamani. Vyote vinahesabiwa kwa zamu ya masaa 8, kwa hiyo anayefanya 12 hesabu yake ni ingine, na wengi wetu tunafanya 12.

Mwaka 1992 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, liliweka kazi ya kupumua ukungu wa asidi kali zenye asidi ya salfa katika kundi la kwanza, lile la vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Kansa yenyewe hasa ni ya koromeo, pale sauti inapotokea. Meno pia. Ukungu unakula meno ya mbele, juu njo yanakutana na hewa mutu akisema ao akipumua kwa mdomo. Mama, kama bwana wako anatumika elektrolizi na meno yake ya mbele yanaanza kuwa mafupi na membamba, usimcheke kwamba anazeeka. Ni kazi hiyo.

Sasa nani anapima hiyo hewa, na fasi gani? Katika kampuni moja ya huku, jina ninaliacha, tulipoomba vipimo tuliletewa matokeo mazuri kabisa. Tulipouliza mashini iliwekwa wapi, tukaambiwa: kwenye nguzo karibu na mlango mkubwa, ule unaofunguliwa siku nzima kwa kupitisha katodi. Ile hewa njo hewa ya nje. Ni gramu 40 za kwenye bomba zilizorudi kwa sura ingine.

Namna ya kupima mutu inajulikana dunia nzima, na ni rahisi kuliko wavu wa dhahabu. Pompi ndogo ya betri inavaliwa kwenye mkanda. Mrija unapanda mpaka kwenye kola, na kichujio kinabanwa pale, sentimita 30 hivi kutoka puani. Mutu anafanya kazi yake ya kila siku, zamu nzima. Mwisho kichujio kinapelekwa labo, wanatafuta asidi imekaa ngapi, wanagawa kwa hewa iliyopita. Hiyo njo hewa ya mutu, si hewa ya nguzo.

Na yule mrija wa kioo unaopima kivuli chake anarudi hapa. Siku ya kupima, sisi tunajua mambo yanayotokea. Mipira ya plastiki ya kufunika maji, iliyopungua miezi, inaongezwa jana yake. Dawa ya povu, kule Chile wanaitengeneza kwa maganda ya mti unaoitwa kiyaya, inamwagwa ya kutosha. Ventilateri zote zinazunguka. Wakati mwingine hata ampea zinateremshwa. Vipimo vya siku hiyo ni vya kweli, lakini vinapima siku ya wageni. Kwa hiyo pamoja na kila matokeo ya hewa tuombe yaandikwe: ampea zilikuwa ngapi, mipira ilifunika kiasi gani, ventilateri ngapi zilitumika, na zamu ilikuwa ya mchana ao ya usiku.

Umeme ukikatika

Anodi iko na jambo lingine la uso wake, nalo linatuhusu sisi kuliko watu wa Chile, juu ya délestage. Risasi haidumu katika asidi kwa nguvu zake. Inadumu juu umeme unaivika ngozi ya kahawia ya oksidi ya risasi, na wenye uzine wanaongeza kobalti kidogo katika maji ili ile ngozi ishike. Umeme ukikatika, ngozi inaanza kuharibika pale pale. Umeme ukirudi, vipande vinabambuka, vingine vinaanguka chini kuwa matope, vingine vinanaswa ndani ya mukuba. Katodi ya daraja la kwanza la soko ya London hairuhusiwi kupita gramu 5 za risasi kwa tani nzima. Njo maana uzine zinazojiheshimu ziko na mashini ndogo ya akiba inayopeleka umeme kidogo kwa mabamba wakati wa kukatika. Laini ya Inga mpaka Kolwezi iko na kilometa karibu 1,700, haiwezi kukosa siku mbaya. Kama akiba haiko, kubambuka kwa ngozi ya anodi si kosa la mutu wa zamu, na delege anaweza kuonyesha tarehe za kukatika karibu na tarehe za katodi zilizokataliwa. Mara nyingi zinafuatana.

Yale matope ya chini ni risasi. Wanaoingia kuosha tangi wasirudi nyumbani na nguo zile. Uzine iko na wajibu wa kuzifua. Mama akizifua katika beseni moja na nguo za mutoto, amemletea mutoto risasi nyumbani, na risasi kwa mutoto inagusa akili yake ya masomo.

Mambo ya kuomba katika kamati

Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inajua kamati ya usalama, usafi na upambaji wa mahali pa kazi. Kamati nyingi zinakutana kwa ajili ya kupaka rangi na kuhesabu vizimamoto. Vizimamoto ni vizuri. Lakini hii mara ijayo delege aingie na maombi yanayoandikwa katika ripoti ya mkutano, na jibu liandikwe pia.

Kwa mabamba: karatasi ya labo iseme maji yalichotwa fasi gani na saa ngapi. Kisipoandikwa, isitumike dhidi ya mutu. Barua ya kuomba maelezo juu ya katodi mbaya isitoke mbele ya kupima ampea za lile bamba na la jirani, na mwendo wa maji wa lile tangi.

Kwa hewa: vichujio vya kwenye kola kwa watu wasiopungua watatu katika kila zamu, na wachaguliwe na ekipe yenyewe: mumoja wa kutoa katodi, mumoja wa kuosha matangi, mumoja wa kuzunguka. Mara moja iwe usiku. Matokeo yasomwe kwa sauti mbele ya ekipe, kwa Kiswahili, na kila aliyevaa pompi apewe karatasi yake.

Watasema bei. Tujibu na bei: pompi ndogo za kwenye mkanda zinatumika miaka, na labo ya kupima asidi katika kichujio haina tofauti kubwa na labo ile ile inayopima asidi ya tangi kila asubuhi. Watu wake wako tayari pale, chombo kiko, na asidi ni moja.

Na kama uzine yako imekwisha kufanya hivi, zile uzine ziko, delege achukue nakala ya matokeo na kuipeleka kwa wenzake wa kampuni ingine. Wale wa Shituru, fasi mukuba wa elektrolizi ulianza kutengenezwa katika mwaka 1929, wako na wazee wanaojua namna maji yalivyokuwa yakichotwa zamani katikati ya mabamba na mrija wa mpira. Waulizwe wangali wanaweza kuonyesha.